Godoro Langu Ndilo Orijino

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka themanini na mmoja. Nimezika cherehani mbili, mapaa matatu ya bati, bosi wangu wa kwanza na mwanawe aliyemrithi, na madaktari wanne walioniambia niache kushona magodoro kwa sababu ya vumbi, la sivyo sifiki mbali. Wao ndio hawakufika. Mimi nipo. Nakohoa, lakini nipo.

Naandika kwenye daftari maana mdomo wangu unajulikana, na watu wa mtaa huu wana tabia ya kusema nimesema nisichosema. Madarasa nimesoma mawili. La pili sikulimaliza, lilinimaliza lenyewe. Lakini herufi nazijua zote, hata zile zisizo na kazi.

Habari yenyewe. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Katika nyumba hii hakuna binti aliyetoka kwenda kwa mumewe bila godoro nililolishona mimi. Dada zangu watatu. Binti zangu wanne. Godoro la sufi, limepigwa vifundo, pembe nne zimesimama kama masikio ya punda. Leo asubuhi namwita mjukuu anitajie vipimo vya kitanda. Ananiambia, Babu, usijisumbue. Ataletewa godoro na babu yake mdogo wa ng'ambo ya barabara. Godoro la sponji. Orijino.

Orijino!

Nikamuuliza, na langu ni nini? Akaangalia chini. Akasema langu ni zuri, ila ni la nyumbani. Halina lebo. Halina dhamana ya miaka kumi. Rafiki zake wakija kumtembelea watadhani ni feki.

Huyo babu mdogo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Sindano nilimshikisha mimi. Alikuwa akijichoma mpaka vitambaa vya wateja vikawa na madoadoa. Leo ana duka la sponji lenye vioo, na juu ameandika kwa rangi nyekundu: MAGODORO ORIJINO. EPUKA FEKI. Na duka linatazama wapi? Linatazama karakana yangu. Hiyo feki ya kuepukwa ni nani kama si mimi?

Maneno haya mawili ni ya Kiingereza. Yameingia mtaani bila kupiga hodi, na sasa yanatupangia pa kukaa. Sisi tulikuwa na halisi na bandia, tukaelewana. Nimeyachambua siku nzima kama sufi yenye mbegu. Hukumu yangu ni hii. Orijino ni kitu ambacho aliyekitengeneza unajua kwake, kikiharibika unamfuata ukamtukana. Feki ni kile ambacho hujui umtukane nani. Mimi nimetukanwa miaka sitini. Kwa hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Mpangaji wetu wa chumba cha uani ni mwalimu. Ana kamusi nene kama tofali. Nikamwambia anisomee yale maneno mawili. Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua. Orijino: kitu cha asili, cha mwanzo, ambacho hakikuigwa kutoka kwa kingine. Feki: kitu kilichotengenezwa ili kionekane kuwa kile ambacho sicho. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie polepole nikariri.

Nani alianza? Sufi! Nani alikuja baadaye, akajitia unene? Sponji! Kesi imekwisha. Nikaazima kamusi, nikavuka barabara nayo kwapani.

Dukani kulikuwa na wateja watano. Vizuri, hadhara. Nikafungua kitabu nikawasomea, yaani nikakariri huku nikitazama ukurasa. Mteja mmoja akachungulia, akasema, mzee, ukurasa huo ni wa samaki. Nikamwambia asome wake.

Shemeji hakukasirika. Hicho ndicho kinachoniudhi, tangu utoto wake hakasiriki. Akasema maneno ya kitabuni yabaki kitabuni. Dukani, orijino ni kile mteja anachokiamini, feki ni kile anachokitilia shaka. Akaongeza kwamba godoro langu likilaliwa wiki moja linakuwa bonde, mume na mke wanakutana katikati hata kama wamegombana. Watu wakacheka. Nikamjibu, ndiyo maana ndoa za magodoro yangu hazivunjiki! Wakacheka zaidi, na safari hii walicheka upande wangu.

Ningeondoka hapo hapo ningekuwa mshindi. Sikuondoka. Nilikuwa nimepata moto. Nikatangaza kwamba Ijumaa magodoro yote mawili yatalazwa sebuleni kwangu. Bibi harusi atalala juu ya moja, atalala juu ya jingine, mbele ya mama wa bwana harusi, ambaye siku hiyo anakuja kuona vyombo. Atakalochagua ndilo orijino, na ndilo atakaloondoka nalo. Nikishindwa, nafunga mlango wa karakana na siufungui tena maisha.

Hata shemeji akasema, hilo la mwisho, shemeji, si lazima. Nikasema ni lazima!

Kufika nyumbani, mke wangu ameshasikia. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia heshima. Akasema hiyo heshima ingepitia nyumbani kwanza ikaulize.

Jumatano, 6 Machi

Kazi. Nimekata kitambaa cha mistari, nimeshona mfuko, nimeacha mdomo upande mmoja. Sufi nimeitoa mbegu moja moja, nimeipiga kwa fimbo mbili mpaka karakana ikawa na ukungu. Siri ya godoro ni pembe. Anayeanza kujaza katikati hajui kazi. Unaanza pembe zote nne, unazishindilia kwa ngumi, ndipo unarudi tumboni. Mke wangu amepiga chafya kumi na saba. Tano za mwisho zilikuwa za makusudi.

Saa sita sufi ikaisha, tumbo bado halijashiba. Anayeniuzia hana mpaka wiki ijayo. Nikasema mjukuu ni mjukuu, nitatoa ya godoro langu mwenyewe la chumbani. Sufi ya zamani ile, ya miti iliyokuwa na adabu. Nikachukua wembe. Mke wangu akasimama mlangoni. Akasema, mzee, hilo usilifumue.

Nikafumua.

Sponji.

Nilikaa chini. Sponji! La njano, limekatwa kwa kisu, limevalishwa kitambaa changu na kufungwa kwa mshono ambao, nakiri, si mbaya. Miaka miwili sasa, anasema. Mdogo wake alilileta siku niliyokwenda mazishini. Mke wangu akasema mgongo wangu ulikuwa unalia kila alfajiri, naye alichoka kuninyanyua kama gunia. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema ungelala sakafuni.

Ni kweli, ningelala.

Halafu akasema, wewe na maneno yako mawili. Orijino ni kinachokulaza, feki ni kinachokuamsha, basi. Akaenda kuanika foronya.

Kinachouma ni kwamba miaka miwili nimewatambia watu mtaa mzima kuwa mgongo wangu umenyooka kwa sababu ya sufi. Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nikapata majibu mawili. La kwanza: sponji lile limekaa ndani ya kitambaa changu muda mrefu, likapata malezi. Tabia ya sufi imelihamia. La pili ni kubwa zaidi. Kama mimi, fundi, nimelalia kitambaa miaka miwili nisijue kilicho tumboni, basi watu hawalalii cha ndani. Wanalalia kinachoonekana nje.

Yaani lebo.

Tumbo nimelijaza kwa sufi ya mito yote ya nyumba hii. Mke wangu atalalia shuka lililokunjwa. Amejitakia.

Alhamisi, 7 Machi

Kuchukua lebo si wizi. Naliandika hili mwanzo ili lieleweke. Neno orijino lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, kamusi imesema. Shemeji amelishikilia tu. Mimi nimekwenda kulirudisha kwao.

Saa nne nikavuka barabara na uso wa suluhu. Nikamwambia shemeji, tumezeeka, tunagombania nini? Akafurahi mpaka nikamwonea huruma kidogo. Akanionyesha godoro la bibi harusi, limewekwa pembeni peke yake. Nikasema acha nilikalie kidogo nipime. Akasema kaa, shemeji, kaa, nikuletee chai. Akaingia nyuma.

Wembe ulikuwa kwenye soksi. Lebo ilikuwa ubavuni, karibu na pembe. Inang'aa, ukubwa wa kiganja, ina muhuri wa rangi ya dhahabu na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyojipanga kama sisimizi wanaokwenda kwenye sukari. Nyuzi kumi na nne. Mshono wa mashine ni mshono wa uvivu, ukikata uzi mmoja nyingine zinafuata kama kondoo. Shemeji aliporudi, lebo ilikuwa ndani ya kofia yangu na mimi nasifia sponji. Chai ilikuwa nzuri. Nilikunywa vikombe viwili ili asishuku.

Nyumbani nikaishona kwenye langu. Mshono wa mkono, mdogo, inzi hapitishi mguu. Mke wangu akaja akaitazama. Akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia, orijino. Akauliza, na hayo mengine madogo? Nikamwambia hayo ni mapambo. Akasema, mwalimu yuko uani hapo, hatua kumi, si umwite akusomee. Nikamwambia mwalimu ana kazi zake.

Akaniangalia kama anavyoangalia maziwa yakikaribia kufurika. Lakini safari hii hakuondoa sufuria.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda! Halafu nikashindwa. Niandike kwa utaratibu.

Sebule imejaa. Binti zangu wote. Mwalimu amevaa tai, nilimwalika mwenyewe aje kusimamia maana ya maneno. Mama wa bwana harusi ni mwanamke mtaratibu, sauti ndogo, macho makubwa. Akaketi. Magodoro yamelala mawili sakafuni kama mabondia kabla ya kengele.

Bibi harusi akaanza na la shemeji. Akarukaruka kidogo. Akasema laini. Shemeji akatabasamu, hakuzidisha.

Akahamia langu. Akageukia ukutani, akakunja magoti kifuani kama alivyokuwa akilala utotoni, mwaka ule mama yake alipougua akaletwa kwangu. Nikaona mabega yanashuka. Akakaa hivyo, akakaa, mpaka shangazi yake mmoja akauliza, jamani amelala huyu? Akafumbua macho. Akasema, nalitaka hili. Babu, nisamehe, nalitaka hili.

Nilisimama. Nilimwambia shemeji maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili laweza kusomwa na watoto. Yeye akapiga makofi. Alinipigia makofi, mtu yule!

Hapo mama wa bwana harusi akainama, kwa wema tu, aone mshono. Akaona lebo. Akasema, kumbe na lebo linayo, haya mwalimu, hebu tusomee linafuliwaje. Nikasema halifuliwi. Mwalimu ameshavaa miwani. Akasoma, akitutafsiria kwa sauti ya darasani. Ndani: sponji tupu, asilimia mia moja. Limetengenezwa na mashine bila kuguswa na mkono wa mtu. Usilichome sindano.

Usilichome sindano! Langu lina vifundo arobaini na viwili, vyote vya sindano.

Mama akachomoa pini ya mtandio wake. Akatoboa kidogo pembeni. Ikatoka sufi. Shemeji akapapasa ubavu wa godoro lake, akakuta matundu kumi na manne. Mwalimu, mjinga yule, akakumbuka kamusi. Kitu kilichotengenezwa ili kionekane kuwa kile ambacho sicho. Alilisema polepole, kama nilivyomtaka Jumanne.

Nikajitetea. Nikasema ndani ni sufi halisi, mikono ni yangu, miaka sitini! Mama wa bwana harusi akasema anaamini. Akasema yeye mwenyewe kazaliwa juu ya sufi, hana ugomvi nayo. Lakini kitu kinachoingia nyumbani kwake siku ya kwanza kimevaa jina la mwenzake, hakipokei. Akasema godoro lingekuja uchi angelibeba kichwani.

Ikaamuliwa, sponji.

Mjukuu wangu alikuwa bado amekaa juu ya langu, viatu mkononi. Akasema, Babu, mimi nilikuwa nimeshachagua.

Hakusema lingine. Ningependa angesema lingine.

Nikatakiwa kuifumua lebo mbele yao na kuirudisha kwenye sponji kwa mkono wangu. Nikairudisha. Uzi ulikosa tundu la sindano mara tatu. Sebule ile ina upepo.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Nimevaa koti la kijivu. Nimekuwa nikisema koti hili litanizika, naona mimi ndiye nitakayelizika.

Asubuhi walipopakia vyombo kwenye pikapu nikasimama karibu na godoro la shemeji. Nikaitazama lebo. Na hapo nikaona! Ile lebo jana aliishona nani? Mimi. Kwa mshono gani? Wa mkono, nyuzi thelathini na nane. Kwa hiyo bibi harusi ameondoka na godoro lenye mshono wangu. Mila haikuvunjika! Tena lebo yenyewe inadai halikuguswa na mkono wa mtu, na mkono umeligusa. Kwa hiyo, kwa kamusi ya mwalimu, ni nani sasa anayeonekana kuwa kile ambacho siye?

Nilimweleza bwana harusi. Nilimweleza mara ya pili wakati wa picha. Mara ya tatu mke wangu alinivuta koti.

Baada ya chakula shemeji akaja na kifurushi, kimefungwa utepe. Akasema ni zawadi yangu. Nikafungua. Kufuli! Jipya, zito, na funguo mbili. Shangazi wote wakaangua kicheko. Yeye akasema, shemeji, ni utani tu, hakuna anayekudai kiapo, kesho fungua karakana yako. Nikamwambia mimi nikiapa nimeapa. Nikaondoka na watu wote nyuma yangu, na nguo zao za harusi, mpaka mlangoni pa karakana. Nikafunga. Kufuli likalia kama jino linalong'olewa.

Shemeji hakucheka tena. Alisema, jamani, mzee huyu. Akaondoka.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya kwanza bila kazi. Nimemwelekeza mke wangu namna ya kufagia. Nimemwelekeza jirani namna ya kupaka rangi lango lake. Nimemwelekeza mwalimu namna ya kusoma kwa sauti ya chini.

Godoro langu lile lipo karakanani, nimelifungia humo. Halina mtu.

Saa kumi nikakaa kwenye kiti nikilitazama kufuli. Kiapo nilikitamka vipi hasa? Nilisema nafunga mlango. Dirisha sikulitaja.

Jumanne, 12 Machi

Nimeingia kazini kwa dirisha. Mwalimu alinisukuma kwa nyuma, mke wangu akawa anasema maneno ya kunikatisha tamaa. Mlango umefungwa, kiapo kimesimama, asiyeona tofauti akapimwe macho.

Jana nilikwenda kwa jamaa wa kupiga chapa. Nimeagiza lebo zangu mwenyewe, mia tano, na ishirini za kwanza nimeondoka nazo. Zina muhuri wa dhahabu mkubwa kuliko wa shemeji. Zimeandikwa: ORIJINO KABISA. IMETHIBITISHWA. DHAMANA MIAKA HAMSINI. Yule kijana akauliza imethibitishwa na nani. Nikamwambia na mimi. Akauliza na hiyo miaka hamsini, mzee? Nikamwambia madaktari wanne waliniuliza swali hilo hilo.

Leo saa tano mjukuu wangu akaja, na mumewe. Wakanisalimia kupitia dirishani. Akasema mumewe analala vizuri, ila yeye hapati usingizi. Sponji linamrudisha juu kila akitaka kuzama. Ameongea na mama mkwe, na mama mkwe amekubali aje kuchukua la sufi. Ila ana sharti moja, na yeye mwenyewe ananiomba sharti hilo hilo. Akaingiza mkono dirishani akanishika kidole, kama zamani. Babu, bila lebo. Tafadhali. Bila kuandikwa chochote. Lije lilivyo.

Niseme kweli, machoni kuliingia vumbi. Karakana ile ina vumbi sana. Nikamwambia nimekubali, waende kwanza kwa bibi yao wakanywe chai wakati nalifunga lile tundu la pini.

Walipokuwa wanakunywa chai nikalifikiria godoro lile. Miaka sitini ya kazi, linaondoka kama yatima? Shemeji apelekewe habari kwamba mzee kaogopa kuandika? Mama mkwe alisema halitaki jina la mwenzake. Jina langu si la mwenzake! Tena nimeahidi bila lebo, na mtu akisema lebo anakusudia moja.

Nimeweka mbili.

Sikuziweka ubavuni, mimi si mjinga. Nimezishona upande wa chini, katikati, haraka lakini kwa mshono mzuri. Godoro halikukubali kupita dirishani. Mume akavuta, mimi nikasukuma, likakwama kama ng'ombe mlangoni. Shemeji akavuka barabara mbio, akavua koti, akavuta naye. Likatoka, yeye akaanguka, likamwangukia. Alipokuwa chini yake nilimsikia anasema kitu, kama anasoma. Akatoka, akajipangusa, akanitazama. Akatikisa kichwa. Akawasaidia kulifunga kwenye pikapu.

Limekwenda. Godoro la sufi hugeuzwa kila Jumamosi, na huyu mjukuu nimemfundisha mwenyewe kugeuza. Jumamosi, watakapolipindua wakazikuta zinang'aa pale, mama mkwe naye amesimama, ndipo watajua wamelalia nini. Watanishukuru.

Haya niliyoandika ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize mwalimu aliyesoma, amuulize mama wa bwana harusi aliyetoboa, amuulize mke wangu ambaye mpaka leo hana mto. Shemeji naye alikuwepo mwanzo hadi mwisho, ila huyo msimuulize. Hajui kutia chumvi.